Kitanda cha Mama Mwezi wa Julai

Dublin, 4 Mei 1985

Dada yangu Bairbre,

Nakusalimu wewe, shemeji Tadhg na Mama, nikitumaini barua hii itawakuta wote na afya. Sisi huku hatujambo. Ronan amepandishwa cheo, na sasa anarudi nyumbani na mafaili kila jioni. Chumba cha wageni amekigeuza ofisi. Mimi bado niko kwenye kampuni ya bima, mgongo unaniuma kwa kukaa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Muireann. Ametimiza miaka kumi na minne, mwakani ana mtihani, na Kiayalandi chake kinatia huruma. Mwalimu wake anasema hakuna dawa ila akae kijijini wiki tatu kiangazi hiki pamoja na wenzake, aisikie lugha inavyosemwa jikoni. Nimemwandikisha kwenye chuo cha lugha cha huko kwenu, kundi la Julai, na nimeomba apangiwe nyumbani kwako. Tutalipa kama wazazi wengine. Usimpe upendeleo wowote, wala kipande cha nyama kikubwa kuliko cha wenzake. Nataka ajifunze maisha kidogo, maana huku anafikiri maziwa yanatoka kwenye chupa.

Mama vipi? Kikohozi kimemwacha? Mwambie nitakuja nikipata nafasi. Najua nilisema hivyo mwaka jana pia.

Mdogo wako,
Dervla


Doire Bhuí, Connemara, 21 Mei 1985

Mdogo wangu Dervla,

Salamu zako zimefika na tumegawana. Tupo, tunamshukuru Mungu, ingawa mvua ya mwaka huu ni kama mgeni asiyejua kuaga. Udongo wa kuwashia moto tuliouchimba umelala kinamasini, umelowa hata kuugeuza haufai. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Tadhg aliteleza zizini, anatembea upande kama kaa, na kwa daktari hataki kwenda. Yule mzee wa posta anakusalimu, anauliza kama bado unaijua njia ya kurudi nyumbani. Nimemwambia njia unaijua, ila viatu vyako havipendi matope.

Mtoto aje. Nitakuwa na wasichana kumi na wawili, naye awe mmoja wao. Lakini mweleze mapema, nisije nikalaumiwa. Tangu anaposhuka kwenye basi mpaka anapopanda tena, Kiingereza hakuna. Si mezani, si chooni, si akiota ndoto. Akisikika, anarudishwa kwao, awe mtoto wa jaji au mtoto wa mdogo wangu. Sheria ni ya chuo, lakini sisi wenye nyumba ndio tunaoapa kuilinda. Kinachonishangaza ni kwamba umekaa na huyo mtoto miaka yote hiyo na hukumfundisha hata kuomba chumvi. Wewe, Dervla, uliyekuwa ukigombana na kuku kwa Kiayalandi!

Mama hajambo. Julai hatakuwepo, atakwenda kwa binamu Peigín ng'ambo ya mlima apumzike na kelele za wasichana. Usimwandikie kwa sasa, macho hayamsaidii.

Mfungie mtoto makoti mawili ya mvua. Moja halitoshi.

Dada yako,
Bairbre


Dublin, 19 Julai 1985

Bairbre,

Natumaini mu wazima. Salamu zangu leo zinaishia hapo.

Jumatatu nilimpokea Muireann kituo cha basi, peke yake, sanduku limefungwa kamba. Wiki tatu nilizolipia hazijafika hata nusu. Mtoto amevuka nchi nzima kama kifurushi! Chuo kimeandika kwamba "amevunja sheria ya lugha". Nimemuuliza alisema nini, hajibu. Baba yake alijaribu kumtania kwamba amefukuzwa na mama yake mkubwa, akainuka mezani akaacha chakula.

Ninajua sheria. Lakini nyumba ni yako na masikio ni yako. Kama neno limemponyoka, ungejifanya hukusikia. Damu nzito kuliko maji, au huko kwenu imekuwa nyepesi? Shule nzima itajua kwamba amerudishwa. Unajua wasichana walivyo.

Nijibu upesi.

Dervla


Doire Bhuí, 2 Septemba 1985

Mdogo wangu Dervla,

Natumai hamjambo nyote. Ulisema nijibu upesi, lakini kundi la Agosti limeondoka juzi tu, na ndipo nimeiona tena meza yangu ya jikoni. Mvua haijakoma. Udongo wa moto hautakauka tena mwaka huu, tutanunua makaa na kulia. Huko kusini wanasema sanamu ya Bikira Maria inatikisika, watu wanakwenda kwa mabasi kuitazama. Tadhg anasema hata yeye angetikisika akisimamishwa nje kwenye mvua hii.

Muireann ni mtoto mzuri. Anakula unachomwekea, anaosha sahani yake bila kuambiwa, na akicheza ngoma miguu yake ni ya marehemu Baba kabisa. Baada ya siku chache tu alikuwa anajua kumwita ng'ombe naye akaja. Angebaki, angejifunza. Lakini alipiga kelele kwa Kiingereza uani, Jumapili mchana, wenzake wakiwa wanarudi kutoka ufukweni, na wote walimsikia. Nikimwachia wangu, wa wenzangu nitawakanya kwa mdomo gani? Na msimamizi wa chuo, Bwana Ó Fátharta, ana masikio mpaka kwenye ua wa miti.

Unauliza alisema nini. Muulize mwenyewe, ni mwanao.

Mama amerudi, anakusalimu. Mguu unamsumbua kidogo.

Bairbre


Dublin, 15 Septemba 1985

Dada,

Mu wazima? Huku wazima wote isipokuwa mimi.

Muireann amesema. Tulikuwa tunamenya viazi, akaanza bila kuulizwa, macho yake kwenye kisu. Anasema Jumapili ile uliwaacha wenzake waende ufukweni, yeye akabaki kwa sababu ya mafua. Akasikia mtu analia kwenye banda la ndama. Akafungua mlango, akamkuta bibi yake sakafuni kati ya kitanda cha kukunja na ndoo, mguu umekunjika chini yake. Bibi yake, ambaye sote tuliambiwa yuko ng'ambo ya mlima!

Mtoto hakujua kusema "ameanguka". Hakujua kusema "njooni, nisaidieni". Darasani wanafundishwa rangi, na siku za wiki, na hali ya hewa. Akatoka mbio uani akapiga kelele kwa lugha aliyokuwa nayo. Hilo ndilo kosa lake. Mkamwinua Mama, mkamfunga mguu, na kulipokucha mkampandisha mtoto kwenye basi.

Nimempigia simu huyo Bwana Ó Fátharta mwenye masikio. Ni mtu mpole. Anasema hakusikia chochote. Anasema wewe ndiye uliyekwenda kwake jioni ile ukamtaja Muireann, na aliposema asamehewe kwa kuwa ni mara ya kwanza, ukakataa. Ukakataa, Bairbre. Sasa nimeelewa kwamba Kiingereza hakikukuuma hata kidogo. Uliogopa mtoto ataeleza alichokiona, chuo kikasikia kwamba bibi kizee analala bandani ili mabinti wa mjini wapate vitanda, na mwakani nyumba yako isiletewe mtu.

Huyo bwana sikumwambia habari ya banda. Bado.

Nilimtuma mwanangu kijijini akajifunze, na amejifunza. Amejifunza kwamba ukimwona mtu wako ameanguka, nyamaza.

Nitakuja kumchukua Mama.

Dervla


Doire Bhuí, 24 Septemba 1985

Dervla,

Salamu kwa Ronan na kwa mtoto. Kwako wewe zipo, zichukue ukizitaka.

Ndiyo, nilimtaja mimi. Nilikwenda kwa miguu yangu, mikono bado ina unga, na wakati wa kurudi nililia njia nzima. Asubuhi mtoto alinitazama kwenye dirisha la basi na sikuweza hata kumpungia. Nimekuwa nikikuona wewe katika uso ule kila ninapofumba macho. Umeridhika?

Lakini usinifundishe mimi habari za banda la ndama. Wewe mwenyewe umelala humo kila Julai tangu ungali mdogo mpaka ulipokwenda shule ya bweni. Mimi ukutani, wewe katikati, Mama mlangoni akizuia upepo. Kwenye kitanda chako alilala nani? Mabinti wa madaktari. Na fedha za vitanda hivyo zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye ada yako, na sketi zako, na tiketi yako ya kwenda mjini. Mimi nilitolewa shule nije nipike, ili wewe ubaki. Mama alinikataza kukuambia, na leo nimemvunjia amri. Unamsikitikia mwanao kwa kujifunza kunyamaza. Nyumba hii yote imejengwa juu ya kunyamaza, na wewe ndiye chumba chake kizuri kuliko vyote.

Nilimwambia Mama achukue kitanda changu, nilale bandani mimi. Alinirushia kiatu. Anasema mwenye nyumba hulala nje wageni wakija, hivyo ndivyo alivyokuta alipoolewa hapa. Kosa langu ni kwamba mwaka huu hakufaa kuachiwa achague. Mama hayuko sawa, Dervla. Tangu Krismasi anasahau. Majina yamemtoka. Kiingereza chote kimemtoka, hata kile cha dukani. Anauliza Baba amechelewa wapi na chakula kinapoa. Sikukuandikia kwa sababu ungenijibu kwamba utakuja ukipata nafasi, nami nisingevumilia kuisoma sentensi hiyo tena.

Ukitaka kumwambia Ó Fátharta, mwambie. Tutauza ng'ombe, halafu tutauza shamba, halafu tutakuja sote kukaa kwako.

Unasema utamchukua. Haya, mchukue. Utamlaza wapi, juu ya mafaili ya Ronan?

Bairbre


Dublin, 17 Novemba 1985

Dada Bairbre,

Nisamehe kwa kukawia. Pokea salamu za wote. Ronan alishikwa na mafua, amepona. Muireann anaendelea na shule, haongei sana.

Siku niliyokuja ulinipa mkoba wa Mama mlangoni na hukunikaribisha hata chai. Sikulaumu. Safari ilikuwa njema, alilala tangu tulipopita mji wa Athlone. Anakula vizuri. Mguu umepona. Masista wanamsifu sana, wanasema katika wazee wote hakuna mtulivu kama yeye.

Ndiyo, masista. Ni kwa muda tu. Wiki ya kwanza alikaa nasi, Muireann akampisha kitanda chake. Siku moja akafungua gesi bila kuwasha. Siku nyingine akatoka na gauni la kulalia kwenda barabarani kumtafuta ng'ombe, magari yanampigia honi, na jirani ndiye aliyemshika. Mimi niko kazini, Ronan yuko kazini. Ungefanya nini? Nyumba ya wazee ni safi, ina kapeti, ana taa yake na kitanda chake mwenyewe. Huko, Julai ikifika, hakuna atakayemtoa kitandani.

Dervla


Doire Bhuí, 1 Desemba 1985

Dervla,

Tadhg anakusalimu. Ng'ombe mwekundu tumemuuza. Katika kifurushi hiki kuna soksi za Mama, zile za sufu nene, maana za dukani zinamwasha. Mvishe wewe, usimwachie muuguzi.

Umeniandikia habari za kapeti, na taa, na kitanda. Hukuniandikia anaongea na nani. Kati ya masista hao yuko hata mmoja anayejua Kiayalandi? Jibu hilo tu, mengine weka. Mtu asiye na wa kuongea naye lazima asifiwe kwa utulivu.

Unaniuliza ningefanya nini. Ningefanya nilichokuwa nikifanya. Nilifunga kamba kwenye mlango wake, ncha ya pili mkononi mwangu, akiamka nami naamka. Sikukuambia hilo pia.

Chuo kimeniandikia. Kwa kuwa chumba cha Mama ki wazi, wataniongezea wasichana wawili. Nimeshaweka vitanda. Nilipomaliza kutandika nilikaa juu ya kimoja nikalia, mpaka Tadhg akaja kuuliza chai iko wapi.

Mrudishe kabla ya Krismasi.

Bairbre


Dublin, 26 Januari 1986

Dada yangu,

Krismasi imepita na sikukujibu, wala sikumrudisha. Nakutakia heri ya mwaka mpya, nikijua unaweza kuitupa jikoni pamoja na barua yenyewe.

Jibu ni hapana. Hakuna anayeongea naye. Sista mmoja alijifunza Salamu Maria kwa Kiayalandi alipokuwa shuleni, basi wanaisali pamoja, na ikiisha sista anaondoka. Mimi huenda Jumapili. Nikifungua mdomo yananijia maneno ya mtoto wa miaka kumi na miwili, nayaonea haya mbele ya wauguzi, narudi kwenye Kiingereza. Mama ananitazama kama anavyomtazama karani wa posta.

Muireann ndiye anayekwenda kila akitoka shule. Sikumtuma. Ana yale maneno aliyoyapata mezani kwako: naomba chumvi, funga mlango, nimeshiba, naomba kutoka nje. Anamwambia Mama yote, moja baada ya jingine, na Mama anamjibu kama alivyowajibu wasichana wa watu maisha yake yote. Kula mwanangu. Vua viatu, vimelowa. Sogea kwenye moto. Huko hakuna moto, lakini Muireann anasogea. Wauguzi wanadhani wawili hao wana mazungumzo mazito.

Wiki iliyopita Mama alimwambia jambo jipya. Muireann hakulielewa, akalishika kwa sauti tu, akalirudia moyoni njia nzima ndani ya basi, na alipofika akanitamkia jikoni kama lilivyo. Alikuwa na hamu ajue, alidhani ni hadithi. Mimi nilielewa mara moja.

Mama anadhani hata yeye mwenyewe ni mwanafunzi. Alimuuliza hivi: "Mwanangu, wewe ulitangulia kufika hapa, labda umesikia. Nilisema neno gani la Kiingereza, hata wakanifukuza nyumbani?"

Mtoto anasubiri nimfundishe jibu la kwenda kumpa. Kila jioni ananiuliza, nami kila jioni namwambia nina kazi. Bairbre, naomba nimrudishe.

Mdogo wako,
Dervla


Doire Bhuí, 30 Januari 1986

Dervla,

Mlete Jumamosi. Tadhg atawangoja njia panda kwa sababu daraja limeharibika. Vitanda viwili nimevitoa, chake kimerudi mahali pake. Swali lake nimelisoma mara moja na sitalisoma tena.

Muireann aje pia. Nina msamaha wa kumwomba, na nitamwomba kwa Kiingereza, uani, kwa sauti, ili alielewe neno zima na majirani wasikie. Chuo kikitaka kunisikia, nacho kisikie.

Lakini nisikudanganye, sijawa malaika. Wasichana wa Julai nimeshawakubali, na bila wao humu ndani hamna makaa wala mafuta ya taa. Siku watakaposhuka kwenye basi, Mama atalala kitandani kwangu, arushe viatu vyote alivyo navyo. Tadhg atalala kwenye benchi la jikoni. Mimi nitalala bandani. Nimeweka humo kitanda cha pili, nacho ni chako. Utaomba likizo huko bima, utakuja upike, ufue mashuka, umshike Mama mkono akienda uani, na uongee naye kwa hayo maneno yako ya kitoto mpaka yakue.

Ukitaka kunijibu kwamba utakuja ukipata nafasi, basi Jumamosi mshushe hapo njia panda, geuza gari, na usiniandikie tena.

Dada yako,
Bairbre